Leo Maji Ninayo Mimi

Tulianzia Nangwanda, saa kumi na mbili kasoro,
watu kumi wa kituo kimoja,
viatu vingine vya kuazima,
isipokuwa Sajini Mchopa,
aliyeapa kukimbia na buti za kazi,
helmeti kichwani, koti la moto mgongoni,
ili wenye pesa wajue wanachangia nini.
"Utaiva," tukamwambia.
"Nilishaiva zamani. Nyie ndio mnachelewa kunila."

Kilometa ishirini na moja, Mikindani na kurudi,
kwa ajili ya vitanda vya walioungua.
Machi iliyopita tulimtoa mtoto Twalibu ndani ya moshi,
akalazwa juu ya jani la mgomba
kwa kuwa shuka lilikuwa linamganda.

Tumezoea kukimbia king'ora kikitutangulia.
Leo king'ora kimelala,
nikasikia ambayo gari halijawahi kuniruhusu kusikia:
ufagio wa mtu asiyeonekana,
redio ikikohoa dirishani,
Koplo Fadina akihesabu hatua kwa Kimakonde,
na mabibo yaliyoanguka, yale huyasikii, unayanusa.

Kuteremka Mikindani kulikuwa harusi.
Kupanda, tukadaiwa mahari.
Chilumba, mdogo wetu, paja likamkaza,
akakaa mchangani, akasema nendeni.

Hakuna aliyekwenda.
Kwenye moshi tuna sheria moja:
mkono begani kwa aliye mbele, usiuondoe
hata ukiitwa na mama yako.
Fadina akamgeuzia bega.
"Hapa hakuna moshi," Chilumba akasema.
"Kuna jua. Shika."

Pale Mangamba mwanamke amesimama na ndoo.
Nilimtambua kabla hajanitambua.
Bi Somoe, wa Chuno.
Usiku nyumba yake ilipokwisha
tulifika na nusu tangi,
bomba la mtaa likatupa hewa na kutu,
naye akasimama mbele ya taa zetu
akapiga ukelele ambao mji mzima unaujua kwa moyo:
"Zimamoto wamekuja bila maji!"
Sikumjibu usiku ule.
Ningejibu nini? Maji hayakuwepo.

Nikainamisha kichwa, nipite.
Akachota. Akaninyooshea kikombe cha plastiki
kilichoyeyuka ukingo upande mmoja.
"Kunywa, baba. Leo maji ninayo mimi."

Msamaha au kijembe, sijui.
Nilikunywa vyote viwili.

Tuliingia uwanjani wa mwisho,
mahema yameanza kukunjwa,
mshereheshaji amekwisha sauti,
akatusoma majina kwa kunong'ona kwenye kipaza.
Milioni nne na ushee.
Vitanda vitatu, labda na vyandarua.

Kituoni, dereva Lukanga tulimwacha na gari,
maana moto haujui Jumamosi.
Naye alikimbia. Aliuzunguka ua,
mizunguko mia mbili na kumi,
akichora mkaa ukutani, simu mfukoni.
Ililia mara mbili:
mtoto akicheka,
na mzee akiuliza bei ya korosho.

"Nina deni la mzunguko mmoja," akasema,
"mzee alinikatisha."
Akauanza, taratibu, tumbo mbele.

Sajini Mchopa, visigino vimechunika, akanyanyuka.
Akaweka mkono begani mwa Lukanga.
Kisha Fadina. Kisha Chilumba, akichechemea.
Kisha wengine, wakilalamika.
Nami nikaifunga foleni,
mkono mmoja begani,
mwingine umeshika kikombe cha Bi Somoe.
Nilisahau kumrudishia.